Kabla Hujatupa Bayolojia: Historia Fupi ya Masomo ya Daktari Kenya

Wiki jana saa nne usiku simu ikalia. Ni binamu yangu wa Kayole, yuko Gredi ya Tisa. Nikadhani kuna msiba. Kumbe hapana, ni fomu ya kuchagua masomo.

"Brathe, nataka kuwa daktari. Mwalimu anataka majibu Jumatatu. Nichague nini?"

Nilikuwa na jibu la haraka: bayolojia, kemia, fizikia, na usikimbie hesabu. Nikampa. Lakini akaniuliza swali lingine ambalo lilininyima usingizi: "Na ni nani aliamua ni hayo?"

Sasa hilo ndilo swali. Hii post ni jibu langu, na iko ndefu kidogo, so chukua chai.

Kwanza nikuambie mbona hii kitu inanigusa. Nikiwa Kidato cha Pili, mwisho wa mwaka, tuliingizwa darasani tukaambiwa tuchague masomo ya Kidato cha Tatu. Dakika kama arobaini hivi, karatasi moja, kalamu. Hakuna mtu alitueleza chochote. Jamaa niliyekuwa naketi naye alikuwa mkali wa sayansi na tangu Kidato cha Kwanza wimbo wake ulikuwa mmoja: daktari wa watoto. Siku hiyo akasikia watu wakisema bayolojia ni ya kukariri, ni ya watu waoga, wanaume wa nguvu wanachukua fizikia. Sheria ya mtihani ilikuwa inataka angalau sayansi mbili. Akachukua fizikia na kemia, akatupa bayolojia. Mwalimu akapiga sahihi bila kumwuliza unataka kuwa nani.

KCSE ikakuja. Akapata A-. Mtaa mzima ukasherehekea, mamake akachinja kuku watatu. Kisha tukaenda saiba kuangalia kosi, na hapo ndipo tuliona kuwa udaktari unahitaji bayolojia. Huna bayolojia, huna mlango. Haijalishi umepata A ngapi kwingine. Alikaa akiangalia ile skrini mpaka mwenye saiba akatuuliza kama tunaongeza muda.

Leo yuko sawa, anafanya kazi na takwimu, anakula vizuri. Lakini kila tukipita hospitali ya watoto ananyamaza. Mimi huwa najiuliza: mtu wa miaka kumi na sita alifaaje kujua? Na jibu nililopata nikisoma historia ni hili: kwa zaidi ya miaka mia moja, mlango wa udaktari Kenya umekuwa ukifungwa kimyakimya, na mara nyingi unafungiwa shuleni, kabla hata mtu hajafika kwa chuo.

Daktari aliyepanda punda milia

Turudi nyuma. Mwaka wa 1900 Nairobi ilikuwa mji wa mabati na matope kando ya reli. Mmoja wa madaktari wa kwanza kufungua kliniki ya kibinafsi hapo alikuwa Rozendo Ribeiro, Mgoa. Huyu jamaa alikuwa anaenda kuona wagonjwa akiwa amepanda punda milia. Sikutanii, kuna hadi picha. Mwaka wa 1902 ndiye aliyegundua kuwa watu wa soko la Wahindi walikuwa wanakufa kwa tauni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1901, serikali ya mkoloni ilikuwa imeanzisha hospitali ya Waafrika yenye vitanda arobaini. Hiyo hospitali imekua ikawa ile tunayoiita Kenyatta leo. Sasa angalia: wagonjwa walikuwa Waafrika, lakini daktari alikuwa Mzungu, na kwingineko mjini Mhindi au Mgoa. Mwafrika aliyekuwa ndani ya hiyo hospitali bila kuumwa alikuwa anafagia, anabeba machela au anatafsiri.

Kwani Waafrika hawakuwa na akili ya sayansi? Hapana. Hawakufundishwa. Mwaka wa 1909 serikali ilimwalika Profesa Nelson Fraser aishauri kuhusu elimu, na ushauri wake ulikuwa Mwafrika afundishwe kazi za mikono: useremala, ujenzi, ukulima. Mwaka wa 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, nayo ikasisitiza elimu ya kilimo na ufundi inayolingana na maisha ya kijijini. Ukisoma haraka unaona ni wazo zuri. Ukulima si kitu kibaya, babu yangu alisomesha watoto kwa ndizi. Shida ni kwamba mtoto wa Mzungu hakuambiwa hivyo. Shule zilitengwa kwa rangi, na mtaala ulikuwa ndio ukuta. Hukuhitaji kuandika kwenye mlango wa chuo cha udaktari kwamba Mwafrika haruhusiwi. Ulikuwa unahakikisha tu hajawahi kuona kemia.

Hiyo ndiyo maana nikisikia mtu anasema kuchagua masomo ni kitu kidogo, nacheka kwa uchungu. Wakoloni walijua si kitu kidogo.

Safari ya Makerere

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa mbali, Kampala. Makerere ilianza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi, na mafunzo ya tiba yakaanza 1924 karibu na hospitali ya Mulago. Kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari alikuwa lazima afike huko. Hapa kwetu shule za sekondari za Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Alliance ilifunguliwa 1926 pale Kikuyu, na upande wa wasichana ukasubiri hadi 1948. Hebu fikiria hizo tarehe: miaka ishirini na mbili ya pengo. Binamu yangu ni msichana. Angezaliwa wakati huo, swali lake lisingekuwa nichague nini. Lisingeulizwa kabisa.

Na hata waliofika Makerere wakamaliza, kwa miaka mingi hawakuitwa madaktari kamili. Waliitwa wasaidizi, wakalipwa chini ya Mzungu aliyefanya kazi ileile. Makerere ilikuja kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1949, ndipo cheti chake kikaanza kupata heshima ya nje.

Wengine wakazunguka. Njoroge Mungai alitoka Alliance, akaenda Fort Hare kule Afrika Kusini, kisha Stanford, Marekani, ambako alihitimu udaktari mwaka wa 1957. Akarudi, akafungua kliniki, akawa daktari wa Mzee Kenyatta na waziri wa afya wa kwanza baada ya uhuru. Ona hiyo njia: mabara mawili ndio upate stethoskopu. Mwaka wa 1959 Tom Mboya na wenzake walipoanza kupeleka wanafunzi Marekani kwa ndege, ndege ya kwanza ikiwa na wanafunzi 81, sababu ilikuwa hiyohiyo. Nyumbani hapakuwa na nafasi za kutosha, na nchi ilikuwa inakaribia kujitawala.

Uhuru umekuja, lakini maabara iko wapi?

Baada ya uhuru mambo yakabadilika haraka. Mwaka wa 1967 shule ya udaktari ilifunguliwa Nairobi. Sasa ungeweza kuwa daktari bila kuvuka mpaka. Wazazi nao wakajitolea, wakachanga pesa na kujenga shule za harambee kila kijiji. Nyanya yangu huwa anasimulia walivyokuwa wanabeba mawe kutoka mtoni.

Lakini kuna kitu mawe hayanunui. Maabara ni ghali. Gesi, mifereji, kemikali, hadubini, mwalimu wa fizikia aliyehitimu. Shule nyingi za harambee hazikuwa na hivyo vitu, so zilifundisha kile kilichowezekana kwa chaki na ubao: historia, jiografia, dini. Kwa wasichana hali ilikuwa mbaya zaidi, shule nyingi ziliwapa upishi na ushonaji pale ambapo wavulana walipewa fizikia. Hakuna mtu alisema wasiwe madaktari. Ratiba ndiyo ilisema.

Wakati huo mfumo ulikuwa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, kisha chuo. Kama ulitaka udaktari, Kidato cha Tano ulibanwa kwenye masomo yako makuu matatu, na kemia na bayolojia zilikuwa lazima ziwe ndani. Uganda na Tanzania bado wako na huo mtindo. Ukiongea na rafiki yako wa Dar au Kampala akikuambia yuko "PCB", anamaanisha fizikia, kemia na bayolojia, na mara nyingi ukimsikia hivyo ujue ana ndoto ya koti jeupe.

Huo mfumo ulikuwa na ukali wake, kwa sababu ukikosea huko hakuna kurudi. Lakini ulikuwa na uzuri mmoja: ulikuwa unachagua ukiwa na miaka kama kumi na saba au kumi na minane, na kila mtu alijua wazi kombi fulani inaelekea wapi.

8-4-4 na mtego wake

Mwaka wa 1981 tume ya Mackay ilipendekeza mabadiliko, na Januari 1985 tukapata 8-4-4. Kidato cha Tano na cha Sita vikafutwa. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989. Wazo lilikuwa mwanafunzi asome mambo mengi, pamoja na ya mikono, asiwe mtu wa vitabu tu. Masomo yakawa mengi hadi mzigo ukawazidi watoto, na baadaye yakapunguzwa.

Kitu kimoja kizuri ambacho watu husahau: Kiswahili kikawa lazima. Na kwenye masomo yanayohesabiwa kuingia udaktari kupitia KUCCPS, yako manne: bayolojia, kemia, hesabu au fizikia, halafu Kiingereza au Kiswahili. Soma hapo tena. Lugha iko ndani. Wale mnaosema insha ni za kupoteza wakati, insha yako inaweza kuwa ndiyo inakuvusha au inakuangusha.

Mtego wa 8-4-4 ulikuwa Kidato cha Tatu, pale jamaa yangu alianguka. Kila mtu alikuwa anaimba gredi, gredi, gredi. Shule zilitaka wastani mzuri ili ziwe gazetini. So ukiwa dhaifu kidogo kwa fizikia, ulishauriwa uiache, ukachukua somo "rahisi" la kupandisha wastani. Ushauri ulikuwa wa kusaidia shule, si wewe. Na hakuna mtu mbaya hapo, walimu walikuwa wanafuata kile walichopimwa nacho. Lakini matokeo ni yaleyale ya 1909: mtu anafungiwa mlango akiwa hajui kuna mlango.

Daktari aliyeandika

Kabla sijafika kwa mambo ya leo, wacha nikutajie mtu mmoja. Margaret Ogola. Kama wazazi wako walifanya KCSE miaka fulani, walimsoma, kwa sababu riwaya yake The River and the Source iliwekwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi. Ilishinda tuzo ya Jomo Kenyatta na ile ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 1995. Wengi waliijibu mtihani bila kujua mwandishi alikuwa daktari wa watoto, aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi na akahudumia watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi.

Namtaja kwa sababu moja. Wazazi wengi wanaamini mtoto wa sayansi lazima aue kila kitu kingine. Achana na muziki, achana na kuandika, kaa na fomula. Ogola anaonyesha huo ni uongo. Lakini pia usisome hii vibaya: aliandika akiwa daktari. Sayansi zake alizichukua kwa wakati. Unaweza kurudi kwa ushairi ukiwa na miaka thelathini. Kurudi kwa kemia ya Kidato cha Tatu ukiwa na thelathini ni mlima mwingine kabisa.

Sasa ni zamu yenu

Januari 2026 kundi la kwanza la CBE liliingia Gredi ya Kumi, sekondari pevu. Mikondo ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kila mtu anabaki na Kiingereza, Kiswahili na hesabu, lakini hesabu ziko aina mbili. Walio kwenye mkondo wa sayansi wanafanya hesabu kamili, wengine wanaweza kufanya ile nyepesi. Halafu unachagua masomo matatu yako. Hili kundi litafika chuo kikuu mwaka wa 2029.

Maoni yangu, na unaweza kunipinga: wazo la mikondo ni zuri. Mtoto wa muziki asiteseke na fizikia. Lakini ona vile umri umeshuka. Zamani ulichagua ukiwa Kidato cha Tano. Kisha Kidato cha Tatu. Sasa ni Gredi ya Tisa, miaka kumi na minne, kumi na mitano hivi. Tunazidi kusukuma uamuzi mkubwa kwa watu wadogo, na maabara bado haziko sawa kila mahali. Shule moja ina maabara tatu, nyingine ina kabati moja lenye vichupa vya vumbi. Wote wanajaza fomu ileile. Hiyo si chaguo sawa. Hiyo ni harambee ya miaka ya sabini ikiwa imevaa sare mpya.

Na serikali ikisema asilimia kubwa ya wanafunzi waende sayansi, swali langu ni la mtu wa historia: mlipeleka hadubini kwanza ama mlipeleka fomu kwanza?

Nilichomwambia binamu

Jumapili nilienda Kayole. Tukakaa na fomu mezani, mamake akiwa anakaanga chapo. Nilimwambia hivi.

Chukua bayolojia na kemia, hapo hakuna mjadala. Ongeza fizikia kama unaiweza hata kwa jasho, kwa sababu inakuachia milango mingine: ufamasia, uhandisi wa vifaa vya tiba, picha za eksirei. Hesabu ni ile kamili. Lugha usizidharau. Na kabla ya kuandika jina la shule yoyote, uliza: je, ina maabara inayotumika, na je, ina mwalimu wa kila moja ya hizo sayansi leo, si "tunatarajia". Mtu mzima akusaidie kupiga hiyo simu. Masharti ya chuo yanaweza kubadilika kabla ya 2029, so kila mwaka angalia upya kwa KUCCPS, usitegemee maneno ya kijana wa mtandaoni kama mimi.

Kisha nikamwambia ukweli wa pili. Udaktari ni miaka sita chuoni, halafu mwaka wa mafunzo hospitalini. Na ukimaliza, vita havijaisha. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ilikuwa serikali kutaka kuwalipa wale wa mafunzo shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 zilizokuwa kwenye mkataba wa 2017. Nikamwuliza, bado unataka?

Akanyamaza kidogo. Mamake naye akaacha kugeuza chapo. Akasema, "Mimi nataka kujua mbona mtoto wa jirani alikufa na homa tu."

Basi. Hiyo ndiyo sababu. Si gari, si jina, si picha ya koti jeupe. Nikamwambia akikwama, mafunzo ya clinical officer na uuguzi kule KMTC pia ni tiba kamili, na hicho chuo kimekuwepo tangu 1927, kikifundisha watu waliobeba hospitali za nchi hii mabegani wakati madaktari walikuwa wachache. Si daraja la walioshindwa. Ni mlango mwingine wa nyumba ileile.

Akajaza fomu kwa kalamu, si penseli. Mamake akasaini akiwa na unga kwa vidole, kuna alama nyeupe imebaki pale chini.

Kwa wale mko Gredi ya Tisa sasa: mtu wa 1920 hakuulizwa. Msichana wa 1940 hakuulizwa. Jamaa yangu aliulizwa kwa dakika arobaini bila maelezo. Wewe umeulizwa na una wiki nzima. Usijaze hiyo fomu ukifuata marafiki, na usikubali mtu akuandikie somo kwa sababu linapandisha wastani wa shule yake. Uliza kila somo unaloacha linafunga mlango gani. Ukishajua na bado unaliacha, sawa, hiyo ni yako. Ubaya ni kuacha bila kujua.

Kama una mdogo wako, binamu ama jirani anajaza hiyo fomu, mtumie hii kabla ya Jumatatu.